Magunia 40 ya Dagaa na Jina la Marehemu Mwinjilisti

Katika daftari la mfanyabiashara mmoja wa kisiwa cha Irugwa, Ziwa Victoria, ukurasa wa mama mmoja mchuuzi wa dagaa haukuwa na jina lake. Juu kabisa, kwa kalamu ya buluu, paliandikwa: Mtoto wa Mwinjilisti. Chini yake ilifuata mistari ya miaka. Magunia 6, kalipa. Magunia 12, kalipa. Magunia 9, kalipa baada ya mbalamwezi. Mstari wa mwisho ulisema magunia 40, na mbele yake hapakuwa na neno.

Nililiona daftari hilo kwa sababu nilikuwa mmoja wa wasuluhishi watatu walioitwa kwenye shauri la deni hilo. Si wa ukoo wao, wala sisali kanisa lao. Niliombwa kwa kuwa nimeuza kamba na nyavu Mwaloni Kirumba, soko la dagaa la Mwanza, muda mrefu, na mdai na mdaiwa wote wananifahamu. Majina nimeyaacha, na vitu vidogo ambavyo vingemfanya msomaji wa Mwanza aseme "aa, kumbe ni fulani" nimevigeuza.

Asiyefanya biashara ya dagaa huenda hajui mali kauli, yaani kukopa mzigo kwa neno la mdomo, inavyokwenda ziwani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wake huishinda taa na dagaa hawakusanyiki, basi wavuvi wengi hupumzika, hushona nyavu na kumaliza ugomvi wao wa zamani au kuanzisha mpya. Ndiyo maana hesabu zetu hazifuati kalenda ya ukutani, zinafuata giza. Unachukua mzigo giza hili, unausafirisha hadi Mwaloni, unauza kwa wanunuzi wa bara na wa Congo, unarudisha fedha giza lijalo. Hapaandikwi mkataba wala hapawekwi rehani. Ni kauli yako tu, na uzito wa kauli hiyo unatoka kwa watu walio nyuma yako.

Kwa hiyo mgeni akishuka kwenye mtumbwi kisiwani na kuomba mzigo, ataulizwa maswali mawili kabla ya kuulizwa ana shilingi ngapi. Wewe ni mtoto wa nani? Unasali wapi? Kwa wenzetu Waislamu swali la pili linakuwa msikiti gani, lakini shabaha ni ileile: nikikukosa wewe, nimwendee nani?

Mama huyu alikuwa na majibu mazuri ya maswali yote mawili. Baba yake alikuwa mwinjilisti aliyezunguka mialo, yaani bandari ndogo za wavuvi, ya Ukerewe, Ukara na Irugwa kwa mtumbwi na kwa miguu, kabla simu hazijafika huko. Hakuwa msomi wala mhubiri wa kupigiwa makofi. Alikuwa mtu wa misiba. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na miili mingi ikazikwa Igoma, yeye alikuwa miongoni mwa waliokesha makaburini wakiomba na familia zilizofika kutoka kila upande, za kanisa lake na zisizo za kanisa lake. Mfanyabiashara wa Irugwa alimzika mdogo wake siku zile. Yeye ni Mkatoliki, lakini mtu aliyemshika mkono kaburini alikuwa mwinjilisti wa kanisa jingine, na mkono ule hakuusahau.

Basi miaka mingi baadaye, mume wa mama huyu alipopunguzwa kazini, mama akapanda mtumbwi wa mizigo kwenda Irugwa bila mtaji, akaulizwa maswali yale mawili na kupewa magunia 6 siku hiyohiyo. Ukiniuliza mimi, hakupewa yeye. Alipewa baba yake, ambaye alikuwa kaburini mwaka wa pili. Yeye alilipa vizuri kwa miaka tisa, lakini kichwa cha ukurasa hakikubadilika.

Kanisani nako mambo yalienda vivyo hivyo. Alichaguliwa mhazini wa akina mama, kisha akaongezewa mfuko wa kuezeka kanisa, kwa hoja ambayo mzee mmoja aliitamka waziwazi siku ya uchaguzi: huyu hatuhitaji kumchunguza, tunajua alikotoka. Wakati ule hakuna aliyeona ubaya wa maneno hayo, na mimi mwenyewe ningepiga makofi.

Mdogo wake

Sasa tuje kwa kitinda mimba. Ni mtoto wa tumbo moja na dada yake, amepita miaka thelathini, anajua kuzungumza, ana sauti nzuri ya besi. Si mwizi wa kuvunja mlango. Ni yule kijana ambaye kila familia inaye: ameendesha bodaboda ikaishia kwa aliyemkopesha, amekwenda machimbo ya Geita akarudi na malaria, amefungua kibanda cha wakala wa miamala kikala fedha za watu wawili watatu, na kila mara dada yake akaziba pengo kimyakimya ili mama yao asijue. Kwaya aliiacha zamani, ila fulana ya jubilei ya kwaya aliendelea kuivaa.

Mambo mawili yalitokea kabla ya magunia 40, na pasipo hayo kisa hiki kingekuwa cha dakika tano.

La kwanza, dada alimtuma Irugwa mara mbili. Mtoto wake alikuwa amelazwa hospitali ya Bugando, hakuweza kusafiri, akampa mdogo wake fedha za giza lililopita na kikaratasi. Mara zote mbili fedha zilifika na mzigo ukaja salama. Dada akafurahi, akadhani kazi imempata kijana. Halafu akapona mtoto, akarudi kusafiri mwenyewe, na hakumwambia mtu wa Irugwa kwamba utume ule umekwisha. Kwa nini amwambie? Hakuna afanyaye hivyo.

La pili ni barua. Kiwanda kimoja cha minofu ya samaki kilikuwa kinaajiri vibarua, na kilitaka kila mwombaji alete utambulisho kutoka serikali ya mtaa au nyumba ya ibada. Kijana akaenda ofisi ya kanisa. Katibu hakuuliza lini alionekana ibadani mara ya mwisho. Alifungua faili la barua za aina hiyo, akabadilisha jina, akagonga muhuri: mtajwa ni mshirika wetu mwaminifu, mtoto wa marehemu mwinjilisti wetu, msaada wowote atakaopewa tutauthamini. Kazi ya kiwandani hakuipata. Barua ilibaki mfukoni.

Akapanda mtumbwi. Alifika Irugwa na fulana ya kwaya, barua yenye muhuri, na sura ambayo ni ya baba yake mtupu. Akasema dada anaongeza biashara, kuna mnunuzi mkubwa amepatikana. Akapewa magunia 40. Mzigo uliuzwa Mwaloni kwa siku mbili, chini ya bei ya soko, na simu yake ikazimwa.

Mfanyabiashara alisubiri hadi giza lililofuata. Halafu akapiga.

"Mwanangu, mbona kimya?"

"Kimya cha nini tena, baba? Mimi sijatuma mtu."

"Amekuja na barua ya kanisa."

Dada aliniambia kwamba baada ya hapo hawakusema kitu, wala hakuna aliyekata simu, mpaka salio la mzee likaisha.

Habari ilivyosafiri

Mwaloni ni soko la midomo. Ndani ya wiki moja wachukuzi wa magunia walikuwa na toleo lao, kwamba mhazini wa kanisa ametapeli visiwani akimtumia mdogo wake. Dada hakuwa ametapeli mtu, lakini toleo hilo lilikuwa fupi na rahisi kubeba kuliko ukweli, ambao una barua, utume wa mara mbili na mgonjwa wa Bugando ndani yake.

Jumapili ya pili, wakati wa kuhesabu sadaka, mzee wa zamu alisimama akatangaza kwamba kazi hiyo kwa muda itafanywa na mama mwingine. Hakueleza sababu. Waliomwondoa wanasema walikusudia heshima, wasitaje aibu yake hadharani. Najua walikusudia hivyo. Lakini waumini wana akili ya kujumlisha: dada kaondolewa kwenye hela, dada ana mfuko wa bati, mdogo wake kapata wapi nauli na ujasiri wa kuchukua magunia 40? Kufikia Jumatano watu walikuwa wakisema kuwa bati za kanisa ndizo zilizonunua dagaa. Ukweli ni kwamba dagaa hawakununuliwa na mtu yeyote. Walichukuliwa kwa mali kauli. Ila nani anasubiri ufafanuzi?

Kisha ikafika kwa binti yake. Posa ilikuwa imeshaletwa. Shangazi mmoja wa upande wa kijana alikuja na kilo mbili za sukari na swali moja lililozungukwa na salamu nyingi: hii habari ya mjomba tunayoisikia, ikoje? Binti huyo anafundisha shule ya msingi Buhongwa na hajawahi kununua dagaa kwa jumla maishani mwake.

Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu watu wengi, wakizungumza juu ya sifa ya Mkristo, wanazungumza kana kwamba sifa ni nguo yako mwenyewe, ukiifua inatakata. Kwetu huku sifa ni shuka la kulalia wengi. Mmoja akivuta, mwingine anabaki miguu nje. Na jambo hili halikuletwa na kanisa. Kabla ya kanisa Msukuma na Mkerewe walishakuwa watu wa "mwana wa fulani". Wamisionari walipofika, Bukumbi mwaka 1883 kwa upande wa Wakatoliki, Nassa mwaka 1888 kwa Waanglikana wa CMS na kisha misheni ya AIM (Africa Inland Mission) kuanzia 1909, miongoni mwa watu wao wa mwanzo kule Bukumbi walikuwamo waliokombolewa utumwani, watu waliokatwa kabisa kutoka kwa jamaa zao. Mtu wa namna hiyo alihitaji zaidi ya mafundisho. Alihitaji watu wa kumzika na wa kusimama kwenye mahari yake, na kanisa likawa ukoo huo. Likishakuwa ukoo, likabeba pia tabia za ukoo, nzuri na mbaya, na mojawapo ni hii ya kukopeshana jina bila kuandikishana.

Nani alimkopesha jina?

Kikao kilifanyika uani kwa mama yao, Igogo, juu kidogo mlimani, mahali ambapo ukikaa unaona ziwa kati ya mawe mawili. Walikuwepo mama mjane, baba mdogo kutoka Nansio, dada na mume wake, mfanyabiashara wa Irugwa na mwanawe, mchungaji na wazee wawili, na sisi watatu. Kijana mwenyewe hakuwepo.

Mume wa dada alianza vibaya. Alisema yeye alioa mtu mmoja, hakuoa ukoo. Wazee wakacheka kidogo, maana kila aliyelipa mahari anajua hilo si kweli, na yeye mwenyewe miaka iliyopita aliishi kwa magunia 6 ya mkwewe marehemu. Sikumlaumu. Mtu akibanwa husema linalomtoka.

Mama alitaka walipe yote. "Baba yenu hakuacha ghorofa," alisema. "Aliacha jina. Mnataka nikae hapa nitazame linauzwa kwa gunia?"

Baba mdogo akamjibu taratibu, "Shemeji, tukiuza kiwanja cha Nansio tukalipa, tutakuwa tumemfundisha mtoto kwamba jina la baba ni benki. Mwakani atachukua magunia 80."

Wote wawili walikuwa sahihi, na ndiyo maana tulikaa kwa muda wa saa nne.

Wazee wa kanisa walikuja na Biblia. Mmoja akafungua Timotheo wa kwanza sura ya 3, pale penye swali la mtu asiyeweza kuisimamia nyumba yake atalitunzaje kanisa. Mwingine akamleta Eli na wanawe. Hapo niliomba nafasi. Eli alikuwa na wanawe chini yake madhabahuni, aliambiwa wanayoyatenda, na alikuwa na mamlaka ya kuwaondoa. Dada hana mamlaka yoyote juu ya mwanamume mzima wa miaka thelathini na kitu. Hata ufunguo wa chumba chake hana. Na nyumba inayosemwa kwenye Timotheo ni ya watoto wa huyo mtu, si ya kila aliyenyonya ziwa moja naye. Tukilisoma fungu hilo kwa upana ule, hakuna mzee hata mmoja Mwanza nzima atakayebaki kitini.

Mzee alikuwa na hoja yenye nguvu zaidi, na aliitoa: mstari wa 7 wa sura hiyohiyo unadai kushuhudiwa mema na watu walio nje, na watu wa nje sasa hawamshuhudii mema. Kweli. Lakini wa nje walijuaje? Waliona kanisa limemwondoa kimya wakahitimisha. Kanisa lilikuwa la kwanza kuuchafua ushuhuda, kisha likaunukuu kama sababu.

Mchungaji alikuwa upande wa dada, akaleta Ezekieli 18, kwamba kila mtu atachukua uovu wake. Nilimheshimu kwa hilo, ila sikuridhika nalo moja kwa moja. Ezekieli anakataa hatia isihame kutoka mtu kwenda mtu. Hazungumzii mtu aliyekula matunda ya jina la baba yake miaka tisa, halafu siku jina hilohilo linaleta hasara anasema kila mtu na lake. Huwezi kuwa mtoto wa mwinjilisti siku ya kupokea magunia na kuwa mtu baki siku ya kudaiwa. Niliyasema haya mbele ya dada na aliinamisha kichwa. Hakubisha.

Mama, ambaye hajui kusoma vizuri lakini amesikiliza mahubiri ya mumewe miaka arobaini, ndiye aliyeleta Filemoni. Paulo anamwandikia Filemoni juu ya Onesimo: kama anadaiwa kitu, kiandike juu yangu. Fungu zuri, na lilimfaa mama. Lakini Paulo alijitolea mwenyewe, tena anasisitiza kwamba ameandika kwa mkono wake. Hakuna baraza lililompelekea ankara.

Nikabaki na swali ambalo nadhani ndilo lilikuwa kiini cha shauri. Tuache nani ni ndugu ya nani. Siku ile kijana aliposhuka Irugwa, ni nani aliyekuwa amempa jina la kukopea? Nilihesabu watatu walio hai.

Dada alimpa alipomtuma mara mbili na asiseme kwamba ameacha kumtuma. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haiko mbali na busara ya mwaloni katika hili: ambaye hukumtuma hakufungi kwa maneno yake, isipokuwa wewe mwenyewe uliwafanya watu waamini kwamba ulimtuma. Kikaratasi chake cha zamani bado kilikuwa ndani ya daftari la mzee. Nilikishika.

Kanisa lilimpa, kwa muhuri. Hili lilinikera kuliko yote. Barua ya utambulisho ni jambo la kale na la heshima. Fibi alisafiri hadi Rumi akiwa na maneno ya Paulo nyuma yake, na Paulo alisema kwa undani ni nani huyu na amewasaidia akina nani. Katibu wetu aliandika "mwaminifu" kwa mtu ambaye hakumwona ibadani mwaka mzima, kwa kuwa neno hilo lilikuwa tayari kwenye faili. Tena haikuwa mara ya kwanza. Kwenye harambee ya bati kijana huyu aliitwa mbele, akapewa kipaza sauti, akatambulishwa kama mtoto wa mwinjilisti wetu, watu wakachanga kwa moyo. Lilipopandisha michango, jina hilo lilikuwa la kanisa. Lilipoleta deni, likawa la familia.

Na wa tatu ni mfanyabiashara mwenyewe. Huyu alikasirika nilipomtaja, na alikuwa na haki ya kukasirika, maana ndiye aliyepoteza. Lakini mteja wake hakuwahi kuvuka magunia 12 kwa miaka tisa. Akija mtu kudai 40 kwa jina la huyo mteja, na namba yake ya simu unayo, kupiga ni shilingi ngapi? Mzee alikaa kimya, kisha akasema neno ambalo sikulitegemea. "Niliona aibu kupiga. Ningepiga ingekuwa kama namwambia marehemu simwamini."

Tulichoamua, na tulipokosea

Uamuzi ulikuwa hivi. Dada atarudisha thamani ya magunia 15 kwa magiza matano, matatu kila giza. Ukoo, baba mdogo akiwa mkusanyaji, utarudisha 15 kwa mwaka mmoja bila kuuza kiwanja. Mzee wa Irugwa atabeba hasara ya magunia 10, na hayo akimpata kijana atamdai mwenyewe. Kanisa halikutozwa fedha. Mzee mmoja alisema sadaka za watu haziwezi kulipa deni la utapeli, na katika hilo nilikubaliana naye. Ila lilitakiwa kufanya mambo mawili: kuifuta barua ile kwa barua nyingine itakayosomwa kwenye mialo na kupelekwa kwa viongozi wa BMU, vikundi vya usimamizi wa uvuvi mialoni, na kukagua hesabu za mhazini kisha kuzisoma mbele ya ibada ileile iliyoona akiondolewa.

La kwanza lilifanyika, tena haraka. La pili lilifanyika nusu. Hesabu zilikaguliwa na watu wawili kwa jioni tatu, na kila shilingi ya bati ilikuwa mahali pake. Taarifa ikasomwa katika baraza la wazee, watu tisa, mlango umefungwa, ikaombewa, ikawekwa kwenye faili. Nilipouliza mbona haikusomwa ibadani, nilijibiwa kwamba kuisoma kungeamsha maneno yaliyokwisha kulala. Maneno hayo hayakuwa yamelala. Nilikuwa nayasikia kila asubuhi nikifungua duka.

Hapa ndipo naona wengi wa viongozi wetu wanakosea, na si kanisa hilo peke yake. Wanaamini kimya ni dawa ya aibu. Kimya kinamfaa mwenye kosa lililothibitika, ili apate nafasi ya kurudi bila kupigiwa ngoma. Asiye na kosa kinamzika. Dada alitakiwa kusikia sauti moja ya mtu mzima mbele ya madhabahu ikisema: tumekagua, hatukuona upungufu, tulimwomba apumzike kwa sababu ya uzembe wetu wa barua. Sentensi moja tu. Ingefika Mwaloni kabla ya saa sita, na kwa yule shangazi wa sukari kabla ya jioni.

Nami nina la kujilaumu. Wanawake wawili wanaoanika dagaa karibu na duka langu walinivamia wiki ile. Mmoja aliniuliza: angekuwa kaka ndiye mfanyabiashara na dada ndiye aliyetoroka, mngemtoza kaka magunia 15? Au mngesema mwanamke kapotoka na kaka kasikitika? Nilianza kujibu habari za kikaratasi na utume wa mara mbili. Akanikatiza: "Tangu lini mnasoma vikaratasi?" Bado nadhani kikaratasi kilikuwa na uzito wake. Sina uhakika kwamba kilikuwa na uzito wa magunia 15.

Posa haikuvunjika. Ilichelewa miezi, mahari ikapungua kidogo, na binti anajua kwa nini ilipungua.

Kijana alipiga simu usiku mmoja kwa namba ngeni. Mama ndiye aliyepokea. Hakumwambia mtu walichozungumza, ila kesho yake alimwomba mjukuu amtumie mtu fulani fedha ya nauli, na dada alipogundua hakusema kitu.

Giza la sita dada alirudi Irugwa, safari hii na fedha taslimu ya magunia 5, maana mali kauli haijarudi. Mimi nilikuwa kwenye mtumbwi huohuo nikipeleka kamba. Mzee alipokea fedha, akahesabu mara mbili, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia. Kisha akafungua daftari, akapita ukurasa wa zamani bila kuukata wala kuuchana, akaenda kwenye karatasi tupu. Akamwomba jina lake kamili, la kwake na la mume, na namba ya simu. Dada akayataja polepole, mzee akayaandika juu kwa kalamu ya buluu, na chini yake: magunia 5, kalipa.

"Na ule ukurasa mwingine, baba?" dada akauliza.

"Ule umejaa," mzee akasema, akamwita mwanawe aje apakie.